Safari ya Dodoma, na Sheria Mkobani

Kutoka Mang'ula kwenda Dodoma hakuna njia iliyonyooka. Milima ya Udzungwa imetukalia upande wa magharibi na gari haliwezi kuipanda. Lazima lifuate bonde kuelekea kaskazini mpaka Mikumi, ligeuke mashariki mpaka Morogoro, na hapo ndipo msafiri anaanza kurudi magharibi kuutafuta mji mkuu aliokuwa ameupa kisogo. Wapo wanaopita Iringa na Bwawa la Mtera. Mimi nilikuwa sijapita njia yoyote kati ya hizo mbili. Dar es Salaam nimekwenda mara nyingi kwa treni ya TAZARA, maana stesheni tunayo hapa hapa, lakini Dodoma nilikuwa naisikia redioni tu, msimu wa Bunge, sauti za watu wakiomba mwongozo wa Spika.

Aliyenitoa nyumbani ni binti wa dada yangu. Alikuwa ameitwa kwenye usaili wa Afisa Sheria Daraja la II, na mama yake hakutaka aende peke yake katika mji asioujua. "Mjomba, utanisindikiza," aliniambia, na haikuwa kwa sauti ya kuuliza. Nilipofunga mkoba wangu nilidhani safari ni ya usaili. Kumbe usaili ulikuwa sehemu tu ya safari, sehemu iliyobaki ilikuwa Bunge. Msichana huyu ana ndoto ambayo hapa kwetu sijaisikia kwa mtu mwingine. Anataka siku moja awe miongoni mwa watumishi wa Bunge wanaoisaidia kamati inayoangalia mambo ya ulinzi na usalama, Idara ya Usalama wa Taifa ikiwemo. Wenzake aliosoma nao wanataka uwakili, wanataka benki, na wengine wanataka kuingia huko huko Usalama. Yeye anataka kuwa upande wa wanaouliza.

"Utawauliza nini wale?" dada yangu alisema, akiwa na chapati za safari mkononi.

"Wabunge ndio wanaouliza, mama. Mimi nitawaandalia maswali."

Dada yangu aliguna na kuendelea kufunga chapati.

Basi la kutoka Ifakara lilitupitia alfajiri. Barabara iliyotutesa miaka na miaka, vumbi kiangazi na tope masika, sasa ina lami, na mtu wa umri wangu bado anashangaa kunywa chai ndani ya gari bila kujimwagia. Tulipita Sanje, na yale maporomoko ya maji yanayoshuka zaidi ya mita 170 kutoka msituni. Watalii huvuka bahari kuja kuyaona. Sisi huyatazama kwa jicho moja, jicho jingine likihesabu mizigo. Hifadhi ya Milima ya Udzungwa ilitangazwa mwaka 1992, na tangu hapo kila mtu wa bonde hili anajua maana ya mpaka usiovukwa bila kibali. Labda ndiyo sababu mazungumzo yaliyofuata hayakunishangaza kama yalivyowashangaza abiria wengine.

Binti alitoa mkobani karatasi zilizobanwa kwa pini. Ilikuwa Sheria ya Idara ya Usalama wa Taifa, Sura ya 406, iliyotungwa mwaka 1996 ikiwa Sheria Namba 15. Alianza kunieleza kwa sauti ya kawaida, kama anavyonieleza bei ya mpunga. Idara ilikuwepo tangu uhuru, ikiwa imezaliwa na tawi maalumu la polisi la mkoloni, na mkuu wake wa kwanza mwananchi alikuwa Emilio Mzena, ambaye jina lake wengi wanalijua leo kwa sababu ya hospitali ya Dar es Salaam. Lakini kwa zaidi ya miaka 30 ilifanya kazi bila sheria yake yenyewe. Sheria ilikuja baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992 na baada ya uchaguzi wa 1995.

"Sikiliza kifungu cha 5, Mjomba," alisema. Akanifafanulia kwamba kazi ya Idara ni kukusanya habari, kuzichambua na kuishauri serikali. Kuna mambo mawili ambayo sheria ile ya 1996 ilisema si kazi yake. La kwanza, kutekeleza yenyewe hatua za usalama. La pili, kumfuatilia mtu kwa sababu tu ameshiriki maandamano halali au amepinga jambo linalohusu Katiba, sheria au serikali.

Nilimwambia arudie la pili. Akarudia.

Mzee mmoja aliyekaa mbele yetu aligeuka. "Binti," alisema kwa upole, "hayo mambo ya kitengo usiyasomee kwenye gari."

"Shikamoo, baba. Hii ni sheria, imechapwa ili isomwe."

"Marahaba. Isomee nyumbani."

Basi zima likanyamaza. Sikuona kama mzee alikuwa na nia mbaya. Alikuwa anamlinda mtoto wa mwenzake. Katika vijiji vyetu, mgeni yeyote mwenye viatu safi anayeuliza maswali mengi huitwa mtu wa kitengo, na watu hupunguza maneno mpaka aondoke. Huenda ni mtu wa bima. Tumejizoesha kuamini kwamba Usalama ni kitu kisicho na karatasi, na kwa hiyo hakuna mtu anayetafuta karatasi zake. Nakiri kwamba hata mimi, kabla ya asubuhi ile, nilikuwa sijui kwamba kuna sheria ambayo mtu anaweza kuichapisha stationari pale kwa bei ya soda chache.

Ukimya ulivunjwa na yule yule mzee. Tulikuwa tumefika Kidatu, malori ya miwa yamepanga foleni, na daraja la Mto Ruaha liko mbele yetu. Aligeuka tena, safari hii bila kuonya. Alisema kwamba mwaka 2013 ndugu zake wafugaji walipigwa na kupoteza ng'ombe katika Operesheni Tokomeza. Hakuwahi kujua aliyetoa amri wala aliyeisimamisha. "Nilisikia tu mawaziri wameanguka," alisema.

Hapo ndipo palikuwa uwanja wa binti. Operesheni Tokomeza Ujangili ilianza Oktoba 2013, ikiwaunganisha askari wa vyombo mbalimbali kuwasaka majangili wa tembo. Malalamiko ya mateso, vifo na mifugo kuuawa yalipofika bungeni, operesheni ilisimamishwa, na Kamati ya Bunge ya Ardhi, Maliasili na Mazingira, mwenyekiti wake akiwa James Lembeli, ikapewa kazi ya kuchunguza. Taarifa yake ilisomwa bungeni Desemba 20 mwaka ule ule. Kabla ya usiku kwisha mawaziri wanne walikuwa wametoka: Khamis Kagasheki wa Maliasili alitangaza kujiuzulu mwenyewe, na Rais Kikwete akatengua uteuzi wa Emmanuel Nchimbi wa Mambo ya Ndani, Shamsi Vuai Nahodha wa Ulinzi na David Mathayo wa Mifugo.

"Lembeli namkumbuka," mzee alisema.

"Wote tunamkumbuka, baba. Sasa nitajie mtu mmoja aliyeiandika ile taarifa. Aliyekaa na wahanga akaandika majina yao, aliyehakikisha kwamba tarehe ya kifo na tarehe ya operesheni zinaelewana."

Mzee alicheka. Hakuna anayewajua. Ni kama ile Kamati Teule ya Bunge iliyochunguza mkataba wa umeme wa Richmond: kila Mtanzania anamkumbuka Harrison Mwakyembe akisoma ripoti Februari 2008 na Waziri Mkuu Lowassa akijiuzulu kesho yake, lakini wanasheria na makarani waliokesha na makabrasha yale hawana hata picha gazetini. Mzee aliteremka Mikumi. Kabla ya kushuka alimwambia binti, "Basi soma, lakini soma pole pole." Nadhani alimaanisha sauti.

Mikumi hadi Morogoro sina la kusema zaidi ya kwamba barabara inakatiza hifadhini kwa kilomita 50 hivi, twiga hawakujali basi letu, na dereva wetu hakujali vibao vya mwendo.

Morogoro tulishuka Msamvu, tukachukua bajaji mpaka stesheni ya treni ya umeme. Hapa nilionja mambo ya usalama kwa namna yangu. Tiketi imekatwa kwa namba ya kitambulisho cha taifa. Mlangoni mkoba unapita kwenye mashine, mwili unapita kwenye fremu, na kijana mwenye glavu anakuuliza kwa adabu ndani ya kopo kuna nini. Ndani ya kopo mlikuwa na unga wa mchele wa Kilombero wa kumpelekea mwenyeji wetu. Sikukasirika. Nilimwambia binti kwamba mimi sina shida na kupekuliwa, shida yangu ni kwamba sijui anayempekua mpekuzi. Alifurahi kana kwamba nimefaulu mtihani, na ndani ya treni, mabehewa yakiingia na kutoka katika mahandaki ya Kilosa, alinihadithia kisa ambacho ndicho kilichomtia katika ndoto hii.

Ni kisa cha mtu wa pwani yetu, Suleiman Abdallah Salim wa Zanzibar. Aliwahi kuwa mvuvi, kisha akahamia Mogadishu kutafuta maisha. Mwaka 2003 alikamatwa huko, akapitishwa Nairobi, na akajikuta Afghanistan mikononi mwa CIA, shirika la ujasusi la Marekani. Zilikuwa zama ambazo Wamarekani walikuwa wanawasaka waliolipua balozi zao za Nairobi na Dar es Salaam Agosti 7, 1998. Aliteswa kwa giza, kelele, baridi, minyororo na maji. Aliachiwa mwaka 2008 akiwa na karatasi ya Wamarekani inayosema kwamba si tishio kwao. Akarudi Zanzibar na karatasi yake. Kisa kingeishia hapo.

Lakini mwaka 2009 Kamati ya Ujasusi ya Seneti ya Marekani ilianza kuchunguza magereza yale ya siri. Maseneta hawakukaa kusoma. Waliosoma ni kundi dogo la watumishi wa kamati likiongozwa na mtu aitwaye Daniel Jones. Walifungiwa katika chumba kilichoandaliwa na CIA yenyewe, wakapitia kurasa zaidi ya milioni 6 kwa miaka. Ripoti yao ina kurasa zaidi ya 6,700. Muhtasari wake ulitolewa hadharani Desemba 2014. Ndani yake kuna orodha ya watu 119 waliowahi kushikiliwa, na Suleiman yumo. Mwaka uliofuata yeye na Mlibya mmoja, pamoja na familia ya Mwafghani aliyefia kizuizini, waliwashtaki wanasaikolojia wawili walioubuni mpango ule wa mateso. Kabla ya hapo kesi za namna hii zilikuwa zikizimwa kwa hoja ya siri za dola. Hii ilisonga mbele, kwa sababu siri ilikuwa imekwisha kuandikwa na Seneti. Ilimalizika kwa suluhu Agosti 2017.

"Mtu wa Unguja," binti alisema, "alisaidiwa na karani wa bunge la nchi nyingine, ambaye kazi yake ilikuwa kusoma."

Nilinyamaza kidogo. Ningeweza kumwambia kwamba Marekani ni Marekani. Lakini Marekani nayo haikuzaliwa na kamati hizo. CIA iliundwa mwaka 1947, na kwa karibu miaka 30 mabaraza yao yaliiangalia kwa kupepesa macho. Mpaka mwaka 1975, baada ya magazeti kufichua kwamba inawapeleleza raia wa nchi yake, ndipo Seneti ilipounda kamati ya Seneta Frank Church yenye watumishi wapatao 150. Mwanasheria mkuu wa kamati hiyo, Frederick Schwarz, alikuwa kijana aliyewahi kufanya kazi ya sheria Kaskazini mwa Nigeria mara tu baada ya uhuru wake. Kamati za kudumu zilifuata, ya Seneti mwaka 1976 na ya Baraza la Wawakilishi mwaka 1977. Kwa hiyo tusijionee aibu kupita kiasi. Sheria yetu ya 1996 haikuchelewa sana kuliko ya Uingereza, ambayo iliunda kamati yake ya wabunge kwa sheria ya mwaka 1994. Tulipochelewa ni katika kuwaandaa watu.

Dodoma ilitupokea kwa upepo mkavu. Mimi wa bondeni, niliyezoea hewa yenye maji, nilihisi midomo inapasuka kabla hatujafika kwa mwenyeji. Mji umetapakaa, majengo ya serikali yako Mtumba, chuo kikuu kiko kilimani, na katikati kuna Bunge.

Ukumbi unaotumika sasa ulianza kutumika mwaka 2006. Tuliingia kwa jina la ofisi ya mbunge wetu, simu tukaziacha getini, tukaelekezwa kwenye jukwaa la wageni na tukaambiwa tusipige makofi. Mpambe wa Bunge alitangulia na siwa begani, Spika nyuma yake, dua ikasomwa. Kisha nikasikia neno nililolisikia redioni miaka yote bila kulitilia maanani. Spika alisema, "Katibu!" Mmoja wa makatibu waliokaa mezani mbele yake akasimama, akasoma jambo linalofuata katika orodha ya shughuli, akaketi. Sentensi moja. Kikao kizima cha maswali, hoja na vijembe hakikusogea mpaka yule mtu aseme sentensi yake. Binti alinigusa kiwiko. Wabunge wengine nilikuwa nawatambua kwa sura. Yeye hakuwa anawatazama kabisa.

Mwenyeji wetu ni mtu wa Ifakara tuliyesoma naye shule ya msingi. Alifanya kazi Ofisi ya Bunge mpaka akastaafu, miaka mingi katika Taarifa Rasmi, wanakonukuu kila neno linalosemwa ukumbini. Anaishi Ipagala. Nilimkabidhi unga wake, akaunusa, akafunga kopo haraka mkewe asije akautolea wageni wengine. Binti alimwamkia, akampa maswali yake. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaanza kwa kumwambia asiyoweza kumweleza.

"Mambo ya ndani ya Kamati ya Nje, Ulinzi na Usalama sitayasema, na mtu atakayekusimulia huyo si mtumishi wa Bunge. Kikao cha siri ni cha siri. Lakini kazi ya karani wa kamati naweza kukufundisha usiku huu."

Na alifundisha. Katibu wa kamati ndiye anayeandaa ratiba na kuwaita mashahidi. Ndiye anayezijua Kanuni za Bunge kwa nambari, ili mwenyekiti akizongwa amnong'oneze. Anaandika muhtasari, anaandaa rasimu ya taarifa ambayo mwenyekiti ataisoma kana kwamba kaiandika usiku uliopita. Mtafiti humletea mbunge kurasa mbili badala ya mia mbili, na asipokuwa makini mbunge ataingia kikaoni na hoja ya gazetini. Mwanasheria hulinganisha anachosema waziri na kilichomo kwenye sheria. Mtu wa hesabu hutafuta ni wapi fungu la mwaka huu limevimba. Mtunza kumbukumbu hufungua kabati na kusema, mwaka juzi waliahidi hivi.

"Na huyo ndiye wanayemwogopa kuliko wote," mzee alisema.

Nilimwelewa upesi kwa sababu mimi maisha yangu yote nilitunza stoo ya vipuri. Mameneja walikuja na kuondoka, kila mmoja na mipango yake, lakini beringi iliyotoka mwaka juzi na haikurudi aliyejua habari zake alikuwa mimi na daftari langu. Bunge lina hali hiyo hiyo. Mbunge ana miaka mitano, na ndani ya miaka hiyo Spika anaweza kumhamishia kamati nyingine. Upande wa pili nao hautulii: kati ya Januari 2023 na Julai 2024 Idara ya Usalama wa Taifa ilipata wakurugenzi wakuu wapya watatu, Said Hussein Massoro, kisha Ali Idi Siwa, kisha Suleiman Abubakar Mombo. Mwaka huo huo wa 2023 Bunge lilipitisha marekebisho ya sheria ya Idara, na mjadala mkubwa nje ya Bunge ulikuwa juu ya kinga wanayopewa maofisa wake. Waulizaji wapya wanawauliza wajibuji wapya. Asipokuwepo mtu katikati anayekumbuka, kila kikao kitaanzia ukurasa wa kwanza.

Binti aliuliza jambo ambalo mzee hakulipenda, ingawa alilijibu. Aliuliza mtumishi huyo ni wa nani. Katiba yetu, ibara ya 63, inalipa Bunge mamlaka ya kuisimamia serikali kwa niaba ya wananchi. Lakini ibara ya 87 inasema Katibu wa Bunge, bosi wa watumishi wote wale, anateuliwa na Rais kutoka miongoni mwa watumishi wa ngazi za juu serikalini. Na Mkurugenzi Mkuu wa Usalama wa Taifa naye anateuliwa na Rais.

"Kenya si hivyo," alisema.

Ni kweli si hivyo. Katiba ya Kenya ya 2010 iliipa Tume ya Huduma za Bunge kazi ya kumteua karani, kwa idhini ya Bunge lenyewe. Mkurugenzi wa Idara yao ya Ujasusi anapendekezwa na Rais na kupitishwa na Bunge la Taifa. Noordin Haji, aliyependekezwa kushika nafasi hiyo, alihojiwa hadharani na kamati mwaka 2023, wananchi wakitazama kwenye televisheni. Sheria yao ya ujasusi ya mwaka 2012 ina hata bodi ya kupokea malalamiko dhidi ya idara hiyo. Wana Ofisi ya Bajeti ya Bunge tangu 2007. Je, mambo haya yamewafanya majasusi wa Kenya kuwa malaika? Aliyefuatilia habari za vijana waliotekwa baada ya maandamano ya Juni 2024 hawezi kusema hivyo. Sheria nzuri bila watu wa kuifanyia kazi hukaa kabatini Nairobi kama inavyokaa Dodoma.

Mzee alimeza chai. "Mwanangu," alisema, "mimi nimefanya kazi chini ya makatibu kadhaa wa Bunge. Wote waliteuliwa hivyo hivyo, na wapo walioilinda ofisi. Usidhani karatasi ya uteuzi ndiyo inayoamua kila kitu. Lakini swali lako ni la haki. Liulize ukiwa ndani, na uliulize kwa maandishi."

Kisha akamwambia gharama yake, na hapa nilimheshimu zaidi. Kwamba mtu anayeshika nafasi nyeti hupekuliwa, yeye na ukoo wake, na wanaopekua ni watu wa chombo kile kile ambacho kesho atakiandalia maswali. Kwamba Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970, Sura ya 47, haina mzaha na anayetoa nyaraka za siri, na jela yake haijali kwamba ulikuwa na nia njema. Kwamba marafiki watamkimbia kidogo, kama abiria wa basi. Kwamba hatasifiwa. Kazi yake bora kabisa itasomwa na mtu mwingine kwa sauti nzito na kupigiwa meza.

"Hilo la mwisho halinisumbui," binti alisema.

Niliamini. Watu wa namna hii Bunge linapaswa kwenda kuwatafuta vyuoni, si kusubiri waangukie Dodoma kwa bahati. Kwa maoni yangu kamati ya ulinzi na usalama ingehitaji kundi lake la kudumu, la wanasheria, wahasibu na watu wanaoijua mitambo ya mawasiliano, watakaokaa miaka 10 na 15 bila kuhamishwa kwenda kamati ya michezo. Udukuzi wa simu hauchunguzwi na mtu aliyejifunza jambo hilo juzi. Na wabunge wenyewe wangepaswa kulidai kundi hilo kabla ya kudai magari.

Usaili ulikuwa kesho yake. Umati ulikuwa mkubwa kuliko mnada wa Jumamosi, vijana wenye bahasha za kaki wakiulizana maswali ya Katiba kwenye kivuli cha miti. Niliketi na wazazi wengine. Baba mmoja kutoka Singida aliniuliza mwanangu anaomba kazi gani. Nilimwambia leo anaomba ya Afisa Sheria. Akauliza, na baadaye? Nilimweleza yote, bila kushusha sauti. Alifikiri, halafu akaniuliza ile sheria inapatikana wapi, binti yake naye asome.

Tulirudi kwa njia ile ile, kupitia Morogoro na Mikumi. Matokeo yalikuwa hayajatoka nilipoandika haya, na yakitoka ni mambo ya familia. Ombi langu ni kwa walimu wa sekondari za bonde hili, kuanzia Kidatu mpaka Mlimba. Mnapowapa watoto orodha ya kazi, baada ya udaktari, uhandisi na uanasheria, ongezeni utumishi wa Bunge, na mwambieni anayependa kusoma na anayeweza kutunza siri kwamba nchi ina kamati inayomhitaji. Sura ya 406 si ndefu. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kuimaliza jioni moja.